FILTA DUNI NI HASARA YA UMMA

Gari la Serikali halinunuliwi kwa fedha ya ofisi, bali kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Kwa sababu hiyo, kila gari la wagonjwa linalolala karakanani, na kila gari la mthibiti ubora wa shule linaloshindwa kumfikisha kwa walimu, ni hasara ya umma mzima. Miongoni mwa vyanzo vya hasara hiyo kimo kifaa kidogo ambacho wakuu wa ofisi huidhinisha ununuzi wake bila kukitazama mara mbili. Kifaa hicho ni filta ya oili.

Kazi ya filta ni kunasa chembe za chuma, masizi na vumbi kabla oili haijafika kwenye beringi na sehemu nyingine za injini zinazosuguana. Kwa macho, filta zote zinafanana: kopo la bati, rangi ya kupendeza na jina la kampuni. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tofauti hubainika kopo linapokatwa. Filta bora ina karatasi ya kutosha, yenye mikunjo iliyo sawa, na imeshikamana barabara na vifuniko vyake. Filta duni mara nyingi ina karatasi haba, mikunjo iliyolegea na gundi isiyoshika kote, hata oili ikapita kando bila kuchujwa.

Ndani ya kopo hilo mna vali mbili. Ya kwanza ni ya mpira, nayo huzuia oili isitoke ndani ya filta injini inapozimwa. Mpira hafifu hukakamaa upesi kwa joto, na matokeo yake ni kwamba injini huwashwa asubuhi huku beringi zikingali zinaisubiri oili. Mpira wa silikoni hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi. Vali ya pili ni ya dharura, ambayo hufunguka filta inapoziba ili injini isikose oili kabisa. Springi yake ikiwa dhaifu, vali hufunguka kabla ya wakati, na oili chafu huingia katika injini ilhali dereva anaamini kwamba filta inafanya kazi.

Uchujaji nao una kipimo chake. Chembe hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni kama 70. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4548-12 kinaeleza jinsi ya kupima uwezo wa filta katika maabara. Kwa hiyo muuzaji anayejigamba kwamba filta yake hunasa asilimia 99 ya uchafu hajasema lolote mpaka ataje ni chembe za maikroni ngapi. Utafiti wa kampuni ya General Motors ya Marekani, uliotolewa mwaka 1988, ulionyesha kwamba, ikilinganishwa na filta ya maikroni 40, filta ya maikroni 30 ilipunguza ulikaji wa injini kwa asilimia 50, na ile ya maikroni 15 kwa asilimia 70.

Hii haina maana kwamba kilicho ghali ndicho bora. Zipo filta za bei ya wastani zilizotengenezwa vizuri, na zipo za bandia zinazouzwa kwa bei kubwa katika makasha yenye majina makubwa. Wala filta bora haitaiokoa injini ikiwa muda wa kuibadilisha unapitishwa ovyo.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inasisitiza thamani ya fedha, na thamani hiyo haipimwi kwa tarakimu za risiti peke yake. Ofisa anayechagua filta ya bei ya chini kuliko zote, kisha akaomba fedha za injini mpya, hakuokoa chochote. Yapasa kila zabuni itaje kiwango cha uchujaji kwa maikroni na aina ya mpira wa vali, na muuzaji atakiwe kuleta cheti cha vipimo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, na Wakala wa Ufundi na Umeme, wenye dhamana ya matengenezo ya magari ya Serikali, wanao wataalamu wa kuwaelekeza wanunuzi. Nao walimu wa vyuo vya ufundi wanaweza kuzikata filta zilizotumika mbele ya wanafunzi wao, ili fundi wa kesho ajue kuchagua kwa ujuzi badala ya rangi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayetia sahihi hati ya ununuzi wa filta anatia sahihi uhai wa injini, na pengine uhai wa mgonjwa anayesubiri gari kijijini.