Choo kinaporudisha maji



Juma lililopita, tulipokuwa tunafunga kisanduku cha MUSO, mama mmoja alinivuta pembeni. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa haya. "Madamu, hii ni siku ya tatu choo chetu kinarudisha maji. Unamwaga ndoo, maji yanapanda karibu na ukingo, yanakaa pale yanakuangalia. Fundi amekuja, ametazama akiwa mlangoni, amesema fosi imejaa, tuchimbe ingine. Nimekuja kuomba deni."

Nilimuuliza jambo moja tu: "Maji ya kuoga yanaenda?"

Akanitazama kama nimemuuliza rangi ya paa la jirani. "Yanaenda vizuri. Lakini mimi nakuuliza choo."

Basi nikamwambia asiombe deni lolote mpaka Jumapili. Safu ya leo ni maelezo ya swali lile, maana nimeona ni wengi tunaolipa shimo jipya wakati ugonjwa uko mahali pa mkono mmoja tu.

Mimi si fundi wa bomba. Diploma yangu ya ISP haikuwa na saa hata moja ya somo la vyoo. Niliyoyajua niliyajua nikiwa nimepiga magoti sakafuni, miaka miwili iliyopita, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga hapa hapa Kamanyola. Choo chetu kilianza kwenda polepole, kisha kikasimama kabisa. Fundi wa kwanza alisema vile vile: fosi imejaa. Bei aliyotaja ilipita mshahara wangu wa mwezi. Fundi wa pili alikuja na chupa ya asidi ya betri, akamwaga, akalipwa, akaenda. Maji hayakushuka hata kidole kimoja. Nyumbani tulikuwa tisa. Asubuhi watoto walikuwa wanavuka kwenda kwa jirani kuomba choo, na mimi nilikuwa naamka saa kumi ya usiku ili nisionekane na wanafunzi wangu nikiomba. Mnacheka, lakini mnajua.

Baba watoto alikuwa tayari kukopa. Mimi nikachukua kalamu, nikachora nyumba kama ninavyowachorea watoto tumbo la mtu: chakula kinaingia wapi, kinapita wapi, kinatoka wapi. Chini ya bakuli la choo kuna kona iliyopinda kama shingo ya bata, mafundi wanaiita sifo. Baada ya sifo kuna tiyo. Mara nyingi tiyo la bafu linakutana na lile la choo, yanakwenda pamoja mpaka kwenye regari, kile kishimo kidogo cha uani chenye kifuniko cha sementi. Kutoka regari, tiyo moja linaingia katika fosi.

Ile kona wengi wanafikiri ni ubaya wa kiwanda, ndipo uchafu unapokwama. Kumbe ndiyo mlinzi wa nyumba. Inabakiza maji kidogo, kimo cha vidole viwili au vitatu, na maji yale yanafunga njia ili harufu na nzi wa fosi wasipande ndani. Mwaka 1775, kule London, fundi wa saa aliyeitwa Alexander Cumming ndiye aliyepata hati ya serikali kwa choo chenye kona ya namna hiyo. Fundi wa saa! Tangu hapo vyoo vya maji vya dunia nzima vinafuata wazo lile.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kutoa franga, uliza maji yenyewe. Mwaga ndoo moja bafuni. Kama ya bafuni yanashuka vizuri na ya chooni yanakaa, basi kizuizi kiko katika shingo ya choo au karibu yake, kabla matiyo mawili hayajakutana. Fosi haina kosa, kwa sababu kama ingejaa, maji ya kuoga nayo yangekosa pa kwenda. Kama unamwaga chooni na tundu la bafu linatoa mapovu, au maji machafu yanachungulia pale, ujue kizuizi kiko mbele, katika tiyo la pamoja. (Kama bafu lako linamwaga maji yake kwingine, katika bustani kwa mfano, jaribio hili halikuambii kitu. Nenda moja kwa moja kwenye regari.)

Funua regari. Ikiwa ni kavu wakati choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya nyumba na regari. Ikiwa imejaa mpaka juu, taabu iko mbele yake: ama tiyo linaloingia fosi limeziba, ama fosi yenyewe ndiyo imejaa. Hapo tu ndipo unafika kwenye maneno ya fundi wetu wa mlangoni. Na hata hapo kuna swali moja la kuuliza: mvua imenyesha siku ngapi? Udongo wa uwanda wetu ukishiba maji, fosi haina mahali pa kuyanywesha. Choo kinachogoma nyuma ya mvua kubwa kisha kinapona chenyewe jua likiwaka, hakidai shimo jipya siku hiyo. Siku hizo maji ya kuoga na ya kufua myamwage pengine, mbali na kisima, fosi ipumue.

Mimi nilipofunua regari yangu nilikuta buibui na vumbi. Kavu kabisa. Nilikaa pale uani nikacheka peke yangu, nikifikiria ule mshahara wa mwezi mzima uliokuwa unataka kuzikwa shimoni.

Sasa namna ya kuzibua. Wenye ventuzi, ile ya mpira yenye mti, waitumie. Asiyenayo achukue mti wa fagio, afunge vitambaa vizito kichwani mpaka vifanye donge linalojaza tundu, avike mfuko wa plastiki, akaze kwa kamba. Ziba kwanza tundu la bafu kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo nguvu yote itatokea huko. Maji yawepo ya kufunika donge. Kisha sukuma na kuvuta, mara kumi na tano, mara ishirini, bila hasira. Kuvuta ndiko kunakosaidia zaidi. Watu wengi wanasukuma tu, na kile kitu kinazidi kukaza. Ikikataa, mwaga maji ya moto yenye sabuni, ya moto ya kuogea mtu mzima, si yale yanayochemka, maana yanayochemka yanaweza kupasua bakuli na kulegeza tiyo la plastiki. Ngojea kama dakika ishirini, rudia. Mwisho, waya mgumu uliokunjwa ndoano ndogo kwenye ncha, uuingize ukiuzungusha polepole kufuata kona. Vaa glavu, na asiyenazo avae mifuko miwili kila mkono.

Kuhusu asidi nina neno kali kidogo. Haiyeyushi kitambaa wala plastiki haraka kama wanavyotuahidi, inakula sementi na inachoma macho. Tena ikikutana na javeli uliyomwaga jana kuua harufu, zinatoa gesi ya klori. Ni gesi ileile ambayo Wajerumani waliifungulia askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Choo chetu ni chumba kidogo kisicho na dirisha. Mama mwenye mtoto mgongoni asiingie na chupa hizo mbili, hata siku moja.

Na fosi: asishuke mtu. Asishuke fundi aliyelewa, asishuke kijana wa kulipwa, asishuke baba mwenye nyumba kwa kuokoa ndoo iliyoanguka. Ndani kuna gesi inayonuka kama yai bovu, na ikizidi, pua inaacha kuisikia, mtu anafikiri hewa imekuwa nzuri, na hapo anaanguka. Anayeruka kumsaidia anaanguka juu yake. Ukifunua, simama mbali kwanza, usimulike kwa mshumaa wala kiberiti, na watoto wawe ndani ya nyumba. Kupima inatosha mti mrefu.

Maji yaliyopanda na kumwagika sakafuni nayo msiyachukue kama maji tu. Sisi tuko njia moja na Uvira, na kolera kule hairudi kama mgeni, inarudi kama mwenye nyumba. Sakafu ioshwe kwa javeli iliyopimwa kama chupa inavyosema, ndoo iliyotumika chooni isirudi kamwe jikoni, na mikono kwa sabuni kabla hujagusa hata kitasa cha mlango.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mtaniuliza: Madamu, na kwako kilitoka nini?

Kabla ya kuzibua nilikuwa nimewagombeza wavulana wangu wawili siku mbili nzima, kwa sababu ya kikombe cha plastiki kilichopotea. Waliapa, sikuwaamini. Nilipovuta ule waya, kilichotoka ni vipande vya kitambaa. Kimoja, kingine, kingine. Kisha pedi ya kununua, imevimba kama mkate. Nikageuka. Binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mitatu, anakaa kwetu kwa ajili ya shule, alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Alitazama ndoo, akanitazama, akatazama chini.

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Namshukuru Mungu yalibaki pale, kwa sababu wakati nayatafuta nilianza kujiuliza: alipaswa kuviweka wapi? Chooni hapakuwa na kopo. Pipa la takataka lilikuwa uani, karibu na mwembe ambapo baba watoto na shemeji zangu wanakaa jioni nzima. Kuvuka pale na kitu kama kile mkononi, mimi mwenyewe, mtu mzima, nisingeweza. Darasani nilikuwa nimewaeleza wasichana wa darasa la sita mambo haya yote, na michoro ubaoni. Nyumbani kwangu sikuwa nimeweka hata kopo la maziwa.

Nilimwambia tu, "Njoo unishikie taa." Tulimaliza pamoja. Maji yaliposhuka kwa kishindo, wote wawili tulipiga kelele, na wavulana wakaja mbio. Niliwaomba msamaha wa kikombe. Mpaka leo hakijaonekana.

Kesho yake niliweka ndoo ndogo ya rangi yenye kifuniko nyuma ya mlango wa choo, na kopo la majivu pembeni. Kila jioni, siku zenye kitu, naichoma mimi mwenyewe nyuma ya jiko, hakuna anayeulizwa. Vitambaa vya kufua vina kamba yao, kwenye jua kamili, si chini ya godoro vinapooza. Vilivyofichwa bila kukauka vinaleta muwasho, halafu msichana anakosa shule na hasemi sababu.

Kwa wamama wenye WC ya kukaa na shasi: taabu yenu mara nyingi ni ya kupotea, si ya kuziba. Jioni, watu wakilala, mimina kahawa nzito katika tangi na msivute. Baada ya dakika ishirini tazama bakuli. Kama maji yamegeuka rangi, mpira wa chini haufungi: usugue uchafu wake, au ununue mwingine. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Waganga wanahesabu matone 20 katika mililita moja, kwa hiyo ni zaidi ya litre 4 kwa siku, na kwa mwezi bidoni sita na nusu za litre 20. Mwenye kulipa bidoni kwa bidoni afanye hesabu iliyobaki.

Na choo cha wageni kisichotumiwa kikinuka wakati wa kiangazi, msitafute mbali: jua letu la Kamanyola limekausha yale maji ya shingo. Mwaga jagi moja, harufu imekwisha.

Mama wa MUSO nilimfuata Jumapili nyuma ya misa. Regari yake ilikuwa kavu. Tulivuta kwa ventuzi ya fagio, na mara ya kumi hivi vikatoka vigunzi viwili vya mahindi na kifuniko cha kopo. Bibi wa nyumba, mama mkwe wake, akajitetea kwamba kwao kijijini vigunzi ndiyo karatasi, na shimo la kule halikuwahi kulalamika. Ni kweli, shimo lisilo na shingo halilalamiki. Tukamwekea ndoo yake naye.

Deni alilichukua hata hivyo. Amenunua magunia mawili ya mchele, Alhamisi anapanda nayo Ngomo kwenda kuuza Bukavu.