Piko si Hina



Mwaka juzi, siku chache baada ya Idi, alikuja chuoni kwetu hapa Saadani mwanafunzi mmoja wa kike, mikono yake imefungwa vitambaa. Alipovifungua twaliona yale maua aliyochorwa kwa piko yametuna juu ya ngozi, na malengelenge yamefuata kila jani na kila kikonyo. Akapona, alhamdulillahi. Walakini mwaka haukwisha ila buibui lake jipya jeusi likamuwasha shingo na makwapa, kisha viatu vya mpira wa matairi, vile tuviitavyo katambuga, vikamtoa upele miguuni. Hapo watu wakaanza kunong'ona. Huyu akasema ni jini, yule akasema ni jicho la hasidi, na wengine wakasema mtoto ana damu mbaya, nani atamwoa? Bibi yake akaja kutuomba tumsomee. Tukamsomea, wala hatujuti. Lakini twalimwambia pia ampeleke kwa daktari wa ngozi, na aliyoelezwa huko ndiyo tunayotaka kuyazungumza mwezi huu.

Maradhi hayo huitwa mzio wa mguso. Kitu kidogo hupenya ngozi, na chembe nyeupe za damu zikakihesabu kuwa ni adui. Mara ya kwanza pengine mtu haoni lolote, kwani chembe hizo huhitaji kama wiki mbili kukihifadhi kitu kile, kama mwanafunzi anavyohifadhi juzuu. Ila mwanafunzi husahau, nazo aghalabu hazisahau. Akikigusa tena, hata baada ya miaka mingi, upele humtoka, na kwa kawaida si saa ile ile bali siku ya kwanza hadi ya tatu. Ndiyo sababu watu hushindwa kukijua kilichowadhuru, wakamlaumu jirani.

Lakini kwa nini mtu mmoja adhuriwe na vitu vingi? Sababu ya kwanza ni kufanana kwa vitu. Sisi watu wa Pwani twajua maji makali ya ganda la korosho yanavyobabua mikono. Mkorosho na mwembe ni wa jamaa moja, na maji yake yanafanana. Basi mtu aliyeingiwa na mzio wa ganda la korosho huenda akavimba midomo kwa ganda la embe, ingawa embe halijapata kumdhuru.

Piko ni vivyo hivyo. Hiyo si hina, bali ni rangi ya kutilia nywele, na dawa iliyo ndani yake yaitwa parafenilenidiamini. Dawa hii ina jamaa wengi: baadhi ya rangi za nguo za nyuzi za viwandani, hasa nyeusi na za buluu, dawa zinazotiwa katika mpira mweusi wa matairi, hata baadhi ya dawa za kupaka za kufisha ganzi. Ngozi iliyokwisha kumjua mmoja yaweza kuwakataa na jamaa zake. Basi buibui na katambuga havikuwa na jini.

Na nguvu ya dawa hiyo nayo ni jambo kubwa. Katika nchi za Ulaya sheria hairuhusu izidi sehemu 2 katika 100 inapotiwa kichwani, na kuichora juu ya ngozi hairuhusiwi kabisa. Piko nyingine zilizopimwa katika nchi mbalimbali zilikutwa na zaidi ya sehemu 15 katika 100. Nasi twawapaka watoto wa miaka sita! Wala wanaume wasicheke, kwani wapo wanaotia ndevu weusi kwa dawa hiyo hiyo.

Sababu nyingine ni ngozi yenyewe. Ngozi nzima ni kama ukuta. Ikipasuka kila kitu huingia. Wapo waliozaliwa na ngozi kavu isiyozuia vyema, na wenye ukurutu tangu utotoni. Wapo wanaofanya kazi katika mashamba ya chumvi ya hapa kwetu, mikono ikachanika kila siku. Na wapo, Mungu atusamehe, wanaoichubua ngozi kwa mkorogo. Kisha juu ya ngozi hiyo mbovu mtu hupaka leo mafuta ya manukato, kesho dawa ya dukani, keshokutwa ya jirani, na kila kimoja chaweza kumzidishia mzio mwingine. Mwenye kidonda cha mguu cha siku nyingi hupatwa na haya sana kwa wingi wa dawa anazojaribu.

Lakini mtu asijihukumu mwenyewe. Daktari hubandika vitu mbalimbali mgongoni, akavibandua baada ya siku mbili, akatazama tena siku zinazofuata. Hapimi wakati upele umewaka, kwa maana ngozi iliyochafuka huenda ikavikataa hata visivyo na makosa. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, pamekuwa na chuo cha kufundishia matabibu wa ngozi tangu 1992.

Hina yenyewe, ile ya majani yaliyotwangwa, ni nadra sana kumdhuru mtu hivi. Rangi yake ni ya machungwa au wekundu wa kahawia, na hutaka saa nyingi. Muuzaji akikuambia kuwa hina yake ni nyeusi na hukolea kwa nusu saa, basi ujue kilichomo.

Mtoto wetu sasa huvaa buibui la pamba na viatu vya plastiki. Mama yake amepewa karatasi ya vitu vinavyomdhuru, naye huionyesha kwa kila mganga kabla binti hajapakwa dawa. Idi iliyopita bibi yake alimtwangia hina.