NANI ATAUFUKIA MZOGA WA DANDORA?



Bahari ikimtupa nyangumi mfu ufukoni, kila mtu hukubali kwamba mzoga ule sharti ufukiwe upesi, kabla uvundo haujawadhuru walio karibu. Mzoga wetu sisi wa Eastlands haukuletwa na mawimbi. Waletwa kwa malori, kwa idhini ya wakubwa, tangu 1975: jaa la Dandora.

Mwaka 2001 jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakukoma. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake papa hapa Nairobi, lilitoa ripoti ya watoto 328 waliopimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kupita kiasi. Mwaka 2021 mahakama iliamuru jaa lifungwe. Malori hayakukoma.

Vyama vingi vilirejea 1991. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Je, haki hiyo yaishia Muthaiga? Yona alikaa tumboni mwa samaki siku tatu; watoto wa Dandora na Korogocho wamezaliwa tumboni mwa mzoga huu, na wengine sasa wanalea wana wao humo humo.

Hatuombi fadhila. Twadai amri ya mahakama itiiwe, na waokotaji taka wapatiwe riziki nyingine kabla lango halijafungwa. Kila ajaye kutuomba kura, hata akisimama madhabahuni, aulizwe kwanza: mzoga huu utaufukia lini?