Twangoja Dunia Mpya, Lakini Tupande Miti

Kuna jambo linalonikera. Kila asubuhi nikielekea shuleni kutoka Membley napita mahali palipokuwa na mibuni. Nyanya husimulia kuwa baada ya mvua ilichanua maua meupe, na harufu yake ikafika barabarani. Siku hizi ni ploti na mawe ya ujenzi. Ajabu ni kwamba jina la mji wetu limo katika Ruiru 11, kahawa iliyozinduliwa na watafiti wa hapa mwaka wa 1985!

Nikilalamika, mzee mmoja jirani huniambia, "Wewe mtoto, ya nini kupanda miti? Si Mungu ataleta dunia mpya?" Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Baba akiahidi kutengeneza nyumba, je, watoto huvunja madirisha wakingoja? Katika Warumi sura ya 8, Paulo anafundisha kuwa viumbe vyote vinangojea ukombozi. Basi twangoja pamoja na miti. Tutawezaje kuing'oa yote?

Watu wanahitaji nyumba, sikatai. Lakini hata ploti ndogo haikosi kipembe. Mimi nimepanda mparachichi karibu na lango letu, na kila jioni naumwagilia maji. Wewe je?