Tusingoje Mtu Afe Ndipo Tumsikilize Mfugaji

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hapa Kenya kuna maradhi ambayo dalili yake ni mvua yenyewe, nayo ni homa ya Bonde la Ufa. Kila mvua inapozidi kiwango katika nyanda kame za Garissa, Wajir na Baringo, mwenye busara hana budi kuuliza: je, safari hii itatuletea malisho tu, au pia msiba?

Maradhi haya si mageni kwetu. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na habari hizo zikachapishwa mwaka wa 1931. Mayai ya mbu yaliyobeba virusi hivyo huweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka mingi. Mvua ikifurika na maji yakatuama mabondeni, mayai huanguliwa, nao mbu huwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Wenye mimba huzitupa kwa wingi, na wana wao wachanga hufa. Binadamu naye huambukizwa aumwapo na mbu, au agusapo damu na nyama ya mnyama mgonjwa anapomchinja au anapomsaidia kuzaa. Wengi huugua homa na kupona, lakini wachache hutokwa na damu hadi wakafa, na wengine hupoteza uwezo wa kuona.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili ibainike kwamba msiba huu hauji ghafla kama radi. Huja kwa hatua: kwanza mvua, kisha mbu, kisha mifugo, na mwishowe binadamu. Kupima hatari ya maradhi yatokayo kwa wanyama ni kutambua tumefika hatua ipi, na kutenda kabla ya hatua ifuatayo.

Je, tumekuwa tukifanya hivyo? Mwaka wa 2006 wanasayansi waliochunguza joto la bahari na picha za setilaiti walitangaza kuwa kanda hii ilikuwa hatarini, wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kujulikana. Hata hivyo, chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, wakati watu walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kufikia Machi mwaka huo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeorodhesha wagonjwa 684 nchini Kenya, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Tusisahau kwamba miaka 9 tu kabla ya hapo, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilikuwa zimeleta maafa ya maradhi yaya haya huko Garissa na kusini mwa Somalia.

Kwa maoni yangu, kilichokosekana si ujuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, baada ya wafugaji wa Kenya na Tanzania kuhojiwa, ulionyesha kwamba wao waliiona hatari mapema. Walikumbuka makundi ya mbu yasiyo ya kawaida, na mifugo iliyougua takriban siku 17 kabla ya watu. Wafugaji wa Kisomali wanayo hata dalili waliyoipa jina, sandik, yaani kutokwa na damu puani. Siku 17 si haba! Zingetosha kuwaonya wachinjaji, kuwafunza akina mama wachemshe maziwa, na kuwafikishia wauguzi habari.

Kwa nini basi mfugaji hakusikika? Pengine hakuwa na wa kumwambia. Daktari wa mifugo yu mbali, na barabara imekatwa na mafuriko. Lakini iko sababu nyingine tusiyopenda kuitaja. Mlipuko ukitangazwa, masoko ya mifugo hufungwa, na mfugaji hukosa karo ya mtoto na unga wa jioni. Tunamtaka awe mlinzi wa taifa zima, kisha tunamwachia hasara peke yake. Ni nani kati yetu angekimbilia kupiga mbiu ya aina hiyo?

Wapo watakaosema kwamba tahadhari zisizotimia huwachosha watu. Ni kweli kwamba mwaka wa 2015 tulitahadharishwa kwa sababu ya El Nino, na mlipuko mkubwa haukutokea nchini. Lakini Juni 2018, baada ya masika yaliyozidi kiasi, maradhi yalizuka Wajir. Kukadiria hatari si kupiga ramli. Anayebeba mwavuli na mvua isinyeshe hajadanganywa na mtu, amejikinga tu.

Nakiri kwamba zipo hatua zilizopigwa. Wizara za afya na mifugo ziliunda kitengo cha pamoja cha kushughulikia maradhi haya, na mwaka wa 2015 homa ya Bonde la Ufa iliwekwa miongoni mwa maradhi 5 ya kutangulizwa, pamoja na kimeta, malale, kichaa cha mbwa na bruselosisi. Hata hivyo, orodha iliyo Nairobi haimkingi mchinjaji wa Wajir. Napendekeza kwamba taarifa ya mfugaji kuhusu mimba kutupwa kwa wingi ihesabiwe kuwa ishara rasmi ya kuchukua hatua, na kwamba serikali itenge fedha za kumfidia soko linapofungwa.

Walimu wenzangu nao wana wajibu. Mwanafunzi anayefundishwa hesabu za uwezekano kwa kurusha sarafu anaweza pia kufundishwa kwa mfano wa mvua, mbu na kondoo. Atakaporudi nyumbani wakati wa likizo na kuona mimba 10 zimetupwa katika zizi moja, atajua kwamba hilo si jambo la kunyamazia, wala nyama ya mnyama mgonjwa si ya kugawiwa majirani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi ufa huo una jina, na wanaouona wa kwanza ni wachungaji. Tuwasikilize kondoo wangali wanaugua, wala si baada ya kaburi kuchimbwa.