Leseni Yetu, Jina Letu



Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Sisi wa Mtera, tunaoishi kwa samaki wa bwawa na vibanda vya barabarani, tunaielewa sababu: mtaji mdogo haushindani na mtaji mkubwa.

Kenya ililalamika, ikitaja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika 2010. Tuwasikilize, jirani si adui.

Lakini amri hiyo inatugusa na sisi raia. Anayemsaidia mgeni kuikiuka anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Maana sasa mgeni anayetaka kuendelea atatafuta mwenyeji wa kumkodishia jina. Hapo ndipo dhamiri zetu zitakapopimwa. Tukipokea bahasha kila mwezi ili leseni isomeke jina letu, tumesema uongo kwa maandishi, na tumempunja mama wa kibanda cha jirani.

Tusishangilie mgeni akifukuzwa sokoni huku leseni yetu ikining'inia ukutani kwake.