Mgonjwa wa Moyo Asifungwe Kitini

Wasomaji wetu wa Mugunga waijua desturi hii. Baba mtu mzima akishikwa na maumivu ya kifua, akapelekwa hospitali mjini Goma, na akijaliwa kurudi, jamaa humwekea kiti mlangoni. Tangu siku hiyo haruhusiwi hata kuinua kidumu cha maji. “Pumzika, baba, moyo wako si mzima.” Tena, ili apate nguvu, huletewa nyama yenye mafuta mengi na sombe inayoogelea katika mawese. Wafanyao hayo wampenda, wala hatuwalaumu. Lakini pendo la namna hiyo lamdhuru.

Na tusidhani kwamba kosa hili ni la watu wasiosoma. Zamani madaktari wa Ulaya na Marekani wenyewe walimlaza mgonjwa wa moyo kitandani majuma mengi. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, wa mji wa Boston, waliandika kuwa heri mgonjwa aketishwe kitini mapema, na hilo lilihesabiwa kuwa jambo la kuthubutu. Kiti chao kilikuwa hatua ya kwanza ya kuinuka. Kwetu kimekuwa mwisho wa safari.

Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitoa habari za watumishi wa mabasi ya London. Dereva alikaa kutwa. Mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa, mamia ya vidato kila siku. Mji mmoja, kazi moja. Walakini wakata tikiti waliugua mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, ugonjwa haukuwaua upesi kama wenzao. Msomaji na amtazame msukuma chukudu apandaye na mzigo wake kutoka Sake, kisha amtazame mwenye pikipiki akimpita.

Sasa tuseme juu ya mafuta ya damu. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo husafiri ndani ya damu katika vifurushi vidogo sana. Kuna vifurushi viachavyo kolesteroli katika kuta za mishipa, mpaka njia ikawa nyembamba. Na kuna vingine viikusanyavyo na kuirudisha katika ini. Tena yako mafuta ya akiba yaitwayo trigliseridi. Mtu akitembea kila siku, trigliseridi hupungua, na vifurushi vikusanyavyo huongezeka kidogo. Lakini vile vibaya havipungui sana kwa kutembea tu. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa vidonge. Mwaka 1994, katika nchi za Skandinavia, wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa makundi mawili. Katika kundi lililopewa simvastatini, vifo vilipungua kwa kadiri ya 3 katika 10. Basi mwenye kutembea asitupe vidonge vyake kwa kuwa ajiona mzima.

Wako wasemao kwamba ugonjwa huu si wa Mwafrika. Neno hili lilikuwa na asili yake. Mwaka 1959 Shaper na Jones waliandika kuwa Waafrika wa Kampala walikuwa na kolesteroli kidogo katika damu, na ugonjwa huu ulikuwa nadra mno kwao. Wahindi wa mji uo huo waliugua sana. Lakini Kampala ya siku hizo ilikuwa na miguu yake na vyakula vyake. Rangi ya ngozi haizibui mshipa.

Habari ya Wamasai yatufundisha zaidi. George Mann, wa Marekani, aliwapima katika Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, waendao mbali kwa miguu. Akaona kolesteroli yao ni ndogo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza habari za mioyo 50 ya Wamasai waliokufa. Mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa! Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikapita. Mann alidhani ni kwa sababu ya mwendo wao. Nasi twaona hapo kuwa miguu haifuti mafuta yote.

Kwa hiyo mawese yapimwe kwa kijiko. Karibu nusu yake ni mafuta ya namna iongezayo kolesteroli mbaya. Sambaza wachemshwe na nyanya, wasikaangwe kila siku.

Juu ya kutembea, daktari aulizwe kwanza, maana magonjwa ya moyo si mamoja: vali zilizoharibika tangu utotoni au moyo uliopanuka hutaka kanuni nyingine. Akiruhusu, mgonjwa aanze na dakika chache mahali tambarare, kwani mawe ya volkano huwakwaza wazee, aongeze polepole hata nusu saa, karibu kila siku. Mwendo uwe wa kumwezesha kuzungumza, si kuimba. Siku ambazo njia haina amani, aende na kurudi uani. Kifua kikibana, au kizunguzungu kikija, au pumzi ikikatika, asimame mara moja. Maumivu yasipotulia, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.